Nyumba ya ufuoni: pima kutoka maji yalipowahi kufika

Mtu anayetafuta pa kujenga karibu na ziwa hutazama maji yalipo siku hiyo. Takawiri, kisiwa kilicho kati ya Mbita na Mfangano, ni mahali ambapo ni rahisi kukosea hivyo. Mchanga ni mweupe, mashua iko mlangoni, na omena huanikwa hatua chache kutoka jikoni. Mvuvi haoni sababu ya kujenga mbali.

Lakini Ziwa Victoria hupanda na kushuka. Karibu asilimia 80 ya maji linayopata ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mto unaotoka ziwani ni mmoja tu, Mto Nile kule Jinja, Uganda. Mvua ikizidi kwa misimu kadhaa, ziwa hujaa na hukawia kushuka. Kati ya mwaka wa 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Likashuka, watu wakasahau, wakajenga. Mei 2020 lilirudi kwenye kiwango cha 1964, na Mei 2024 likakipita. Kando ya ziwa, nyumba na vyoo viliingia majini. Ukuta ukianguka ni hasara, lakini choo kikifurika ni hatari zaidi, kwa maana maji hayo hayo ndiyo watu wanayoteka, na kipindupindu hufuata.

Kosa hili limefanywa hata kwenye miji tajiri. Jijini Toronto, Kanada, watu walijenga kando ya Mto Humber, kwenye barabara iitwayo Raymore Drive. Usiku wa Oktoba 15, 1954, mvua ya Kimbunga Hazel ilifurisha mto huo. Watu 35 walikufa kwenye barabara hiyo moja; katika jimbo zima la Ontario walikufa 81. Baadaye serikali ilinunua ardhi ya mabondeni na kuzuia makazi humo. Palipokuwa na nyumba zile leo ni bustani ya umma.

Takawiri haiwezi kuiga Toronto kwa kila jambo. Kisiwa ni kidogo, na riziki iko ufuoni. Mashua, nyavu na mahali pa kuanika omena vitabaki karibu na maji. Chumba cha kulala na choo ndivyo vinavyopaswa kupanda juu.

Nchini Kenya, ardhi inayohifadhiwa kando ya ziwa huhesabiwa kuanzia kiwango cha juu kabisa cha maji kilichowahi kurekodiwa. Ukingo wa leo si kipimo. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo inayoelekeza mipaka hiyo, na ruhusa ya kujenga hutolewa na serikali ya kaunti kupitia ofisi ya mipango ya ardhi. Kabla ya kwenda huko, tembea kiwanjani na jirani aliyekuwepo mwaka wa 2024, akuonyeshe mti au ukuta ambao maji yaliufikia. Weka kigingi hapo, kisha anza kuhesabu hatua kuelekea juu.