Majaa ya Ntusi

Mtu akitaka kujua jirani yake hula nini, si lazima amwulize. Na atazame jaa lake. Akiona magamba ya samaki, maganda ya ndizi na majivu, amekwisha pata habari za jiko lile. Wataalamu wa mambo ya kale hufanya kazi iyo hiyo, ila majaa yao ni ya watu waliokufa zamani sana. Katika somo hili tutatazama majaa ya Ntusi, katika Wilaya ya Sembabule, kaskazini-magharibi ya Masaka, Uganda.

Watu walikaa Ntusi tangu karne ya 11 hivi hadi karne ya 15. Makao yao yalienea kadiri ya hekta 100, yaani kama ekari 250. Masimulizi ya wazee huwataja hapo Bachwezi. Miongoni mwa vitu vilivyobaki ni vilima viwili vya takataka; kimoja wenyeji hukiita cha kiume, na kingine cha kike. Basi, vilima hivyo husomwaje?

Kwanza, mifupa. Mchimbaji hatumii jembe. Hukwangua udongo kidogo kidogo kwa mwiko kama wa mwashi, kisha huupitisha katika chekeche. Kila mfupa huandikwa tabaka ulimotoka, kwa kuwa tabaka la chini kwa kawaida ni la zamani kuliko la juu. Alama za kisu huonyesha kwamba mnyama alichinjwa. Meno hutaja umri, maana meno ya utotoni hung'oka na ya ukubwani huota kwa utaratibu unaojulikana. Mifupa ya Ntusi kwa wingi ni ya ng'ombe, tena wengi walikuwa wachanga. Mfugaji ataelewa sababu: fahali mmoja hutosha majike mengi, na mitamba huwekwa kwa maziwa, kwa hiyo madume madogo ndiyo huchinjwa.

Pili, mimea. Mbegu huoza upesi, lakini iliyoungua motoni hudumu kama kaa. Udongo ukitiwa katika pipa la maji, mbegu hizo huelea, mchanga ukazama. Mgomba nao huacha chembe ndogo mno za silika kutoka katika majani yake, zionekanazo kwa darubini tu. Hata vyombo hutoa ushahidi. Huko Ntusi yalipatikana mawe ya kusagia, visu vya chuma vilivyopinda vya kukatia masuke, na mashimo ya kuwekea nafaka.

Tatu, udongo wenyewe. Mahali palipokuwa zizi hubaki na fosforasi nyingi kutokana na samadi, hata baada ya miti ya zizi kuoza kabisa. Mfano mzuri uko kwa jirani zetu, kusini-magharibi ya Kenya. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba mazizi ya wafugaji wa kale, mengine yenye umri wa miaka 3,000 na zaidi, bado yana rutuba kuliko ardhi iliyoyazunguka, na wanyama wa porini hufuata majani mazuri yaotayo hapo.

Sasa tuulize: elimu hii yatufaa nini? Mwaka 1863 John Hanning Speke aliandika katika kitabu chake kwamba wafugaji wa nchi hizi za maziwa makuu walikuwa taifa geni lililotoka kaskazini, likawatawala wakulima. Maneno hayo yalirudiwa mashuleni miaka mingi, watu wakazoea kudhani kwamba mwenye ng'ombe na mwenye jembe tangu asili ni mataifa mawili. Katika nchi nyingine jirani fikira hiyo ilisaidia kuleta umwagaji wa damu. Lakini Ntusi mifupa ya ng'ombe na mawe ya kusagia nafaka vimetoka katika makao yale yale. Jaa haliwezi kutuambia kama aliyekamua ndiye aliyevuna. Latuambia tu kwamba maziwa na nafaka vilikuwa vya mji mmoja, na hilo latosha kututahadharisha na hadithi ya Speke.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikuta kigae au mfupa katika shimo la matofali au shambani, usiuchukue uwe pambo la nyumbani. Ukiisha kung'olewa katika tabaka lake, hauwezi tena kusema ni wa wakati gani wala ulikaa pamoja na nini. Uache palepale, ukatoe habari kwa jumba la makumbusho au kwa mwalimu wako wa historia.

Maswali

1. Kwa nini mchimbaji huandika tabaka la kila mfupa?
2. Wingi wa mifupa ya ng'ombe wachanga hutufundisha nini?
3. Jaa la kwenu likichimbuliwa baada ya miaka 500, litasema nini juu yenu, na litanyamazia nini?