Sufle ya Kardani, au Kazi Isiyoonekana

Mangina iko upande wa magharibi wa mji wa Beni, mwendo wa kilomita 30 hivi. Watu wa huko hulima kakao, kahawa, mihogo na michikichi. Mvua ni nyingi. Mvua ikinyesha, magurudumu huzama katika matope. Jua likiwaka siku chache, matope hugeuka vumbi. Motokari zinazopita huko hupata taabu, lakini watu wanazihitaji sana. Mavuno hupelekwa sokoni kwa motokari, na wagonjwa hupelekwa hospitali. Mwezi wa Agosti 2018, ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa Mangina, magari ya waganga na ya chanjo yalipita huko kila siku.

Siku moja shoferi wa Mangina alileta gari lake kwa fundi mzee mwenye garaji karibu na njia.

“Papa,” akasema, “naona mafuta meusi yamerukia upande wa ndani wa gurudumu la mbele. Lakini gari linakwenda vizuri.”

Fundi akalala chini, akatazama. Akamwita kijana wa miaka 16 aliyekuwa akijifunza kazi kwake. “Njoo uone. Sufle imepasuka.”

Sufle ni mfuko wa mpira wenye makunjo. Neno hili ni la Kifaransa, na maana yake ni mvukuto. Kwa kweli mfuko huo unafanana na mvukuto wa mhunzi. Kazi yake ni kufunika kiungo cha kardani.

Na kardani ni nini? Katika magari mengi madogo, nguvu ya mashini huenda kwenye magurudumu ya mbele. Fimbo mbili za chuma huipeleka, moja kuume, moja kushoto. Mafundi huziita kardani, kwa jina la Gerolamo Cardano, mtaalamu wa Italia aliyeishi tangu 1501 hata 1576. Lakini gurudumu la mbele halitulii. Hupanda na kushuka shimoni, tena hugeuka kila shoferi akikata kona. Kwa hiyo fimbo lazima iwe na viungo, kama vile mkono una kiwiko.

Kiungo cha namna ya kale, kikipinda, hakizunguki kwa mwendo sawa. Mara huharakisha, mara huchelewa. Katika miaka ya 1920 mhandisi Alfred Rzeppa wa Marekani alitengeneza kiungo chenye gololi sita za chuma, zinazotembea katika mifereji. Kiungo hicho kikipinda, huzunguka sawasawa. Lakini gololi zataka grisi siku zote. Sufle ikipasuka, grisi hutoka, na mchanga huingia. Mchanga husaga chuma polepole. Halafu gari likikata kona, gurudumu hulia ka-ka-ka. Mwisho kiungo huvunjika, na gari halisogei tena.

“Ufunge tu na kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu,” akasema shoferi. “Kesho asubuhi nina abiria wa Beni.”

“Kipande hicho chaweza kukufikisha nyumbani,” akajibu fundi. “Hakiwezi kukupeleka Beni kila siku. Na mchanga ulioingia, utautoa kwa kamba? Mshukuru Mungu kwamba kiungo bado hakilii. Kikianza kulia, utanunua kiungo kizima.”

Shoferi akakubali. Fundi na kijana wakaanza kazi.

Kwanza walilegeza nati kubwa ya katikati ya gurudumu, gari likiwa bado chini. Ndipo wakaliinua kwa jeki, wakaweka gogo nene chini yake, kwa sababu mtu haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wakaondoa gurudumu. Wakafungua bolti za chini, wakavuta kitovu cha gurudumu upande wa nje, na ncha ya kardani ikatoka. Wakaweka beseni chini ya sanduku la gia ili kukinga mafuta, kisha wakaichomoa kardani yote.

Mezani fundi alikata sufle ya zamani. Akapiga kiungo kwa kipande cha mti na nyundo, kikatoka katika fimbo. Kijana akakiosha kwa petroli mpaka gololi zote zikang'aa. Fundi akazigeuza moja moja, akapitisha ukucha katika mifereji. Haikuwa na mashimo. “Kiungo ni kizima,” akasema. “Kifunike kwa kitambaa safi. Usikiache wazi. Nakwenda kununua vibano.”

Fundi alipokwenda, vijana wenzake walipita na mpira wa miguu. Kijana akatoka mbio kuwatazama. Lori likapita, vumbi likatanda. Aliporudi, kitambaa kilikuwa kimeanguka, na kiungo kiko chini mlangoni. Akakiokota, akakipangusa nje. Kwa macho kilionekana safi.

Fundi akarudi, akauliza, “Ni safi?”

“Ndiyo, Papa.”

Basi wakavisha fimboni kibano kidogo na sufle mpya. Wakatia pete mpya ya chuma, wakarudisha kiungo mahali pake. Wakakijaza grisi nyeusi, ile iliyokuja pamoja na sufle, na iliyobaki wakaitia ndani ya mfuko. Wakatoa hewa iliyozidi, wakakaza vibano viwili. Grisi ilifunika yote. Kwa nje sufle ilikuwa nzuri, nyeusi, imekaa sawa. Jua lilikuwa limekwisha kushuka, wakaacha kuirudisha garini hata asubuhi.

Usiku ule kijana hakulala. Alianza kusali, akashindwa kumaliza. Aliwaona abiria wa kesho, na magunia ya kakao, na gari limesimama matopeni mbali na nyumba za watu. Kabla ya mapambazuko alikwenda mlangoni kwa fundi.

“Papa, nilisema uongo. Kiungo kilianguka, nami sikukiosha tena.”

Fundi hakusema neno. Alichukua taa, akaenda garajini, akakata vibano vile vipya, akafunua sufle. Akachukua grisi kidogo, akaisugua kati ya vidole viwili. Akaupeleka mkono kwa kijana. “Sugua nawe.”

Kijana akasugua. Grisi ilikuwa na chembe za mchanga.

“Ungenyamaza,” akasema fundi, “mimi nisingejua. Shoferi asingejua. Kiungo kingejua.”

Wakaanza upya: kuosha, kukausha, kutazama, kutia grisi mpya. Kijana alitaka kulipa hasara yote kwa ujira wake. Fundi akakataa. “Utalipa vibano. Grisi nitalipa mimi, kwa kuwa niliuliza tu, sikutazama.”

Shoferi alipofika, kardani ilikuwa bado mezani. Akakasirika. “Jana mliniambia asubuhi gari litakuwa tayari! Abiria wananingoja.”

Fundi alitaka kujibu, lakini kijana akamtangulia. “Kosa ni langu, Papa. Mchanga uliingia kwa uzembe wangu, nami nikaficha.”

Shoferi akamtazama kitambo. Halafu akakaa juu ya benchi. “Basi nitangoja. Afadhali kungoja hapa kuliko kungoja njiani na mvua.”

Kardani ikarudi mahali pake. Bolti zikafungwa, nati kubwa ikakazwa kwa kipimo cha gari lile, pini yake ikatiwa, na mafuta ya gia yaliyotoka yakaongezwa. Shoferi akalizungusha gari uwanjani polepole, usukani umekatwa mpaka mwisho, kuume, kisha kushoto. Wote wakatega sikio. Gurudumu halikulia.

Gari likaondoka na abiria wake kwenda Beni. Jioni likarudi. Kijana alikuwa wa kwanza kuinama na kutazama nyuma ya gurudumu. Palikuwa pakavu.

Wahenga husema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Shoferi aliziba ufa wa mpira kabla ya kiungo kuvunjika. Kijana aliziba ufa wa moyo kabla uongo mmoja haujazaa mwingine. Sehemu kubwa ya kazi njema haionekani na watu: msingi wa nyumba umo udongoni, na gololi zimo ndani ya sufle. Mungu huiona. Mtakatifu Yosefu alifanya kazi ya mikono miaka mingi kimya kimya, na mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi, ili kila fundi apate mfano wa kufuata.

Maneno ya kujifunza

Mvukuto: chombo cha mhunzi cha kupulizia moto.
Gololi: tufe dogo la chuma.
Kibano: ukanda mwembamba wa chuma unaokaza sufle.
Ujira: malipo ya kazi.

Maswali

1. Sufle ya kardani yafanya kazi gani?
2. Kwa nini fimbo ya kardani inahitaji viungo?
3. Mafundi waliweka gogo chini ya gari kwa sababu gani?
4. Sufle ikipasuka na kuachwa, nini hufuata? Taja mambo kwa utaratibu.
5. Fundi alikubali kulipa grisi. Kosa lake lilikuwa nini?
6. Eleza maana ya maneno haya: “Kiungo kingejua.”
7. Taja kazi moja ya nyumbani au ya shambani ambayo watu hawaioni ikifanywa vema, lakini huona ikifanywa vibaya.