Risiti Isifutike Kabla Hujaihitaji

Risiti nyingi za mashine za kodi (EFD), benki na supamaketi hazina wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali mbili: rangi isiyoonekana na asidi hafifu. Mashine ikiipasha moto, zinayeyuka na kukutana, weusi unatokea. Tatizo ni kwamba weusi huo haudumu, na sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu miaka 5.

Itambue kwanza risiti ya aina hii. Kwaruza pembeni kwa ukucha, haraka na kwa nguvu. Mstari mweusi ukitokea, ndiyo hiyo.

Ipige picha siku hiyohiyo, kabla hujaikunja. Msimbo wa uhakiki uonekane wote. Umenunua friji au mabati? Toa na fotokopi. Kopi ina wino wa kweli, itakaa.

Usiipige laminesheni! Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, risiti inatoka nyeusi tii. Moto ndio kalamu ya karatasi hii, na mashine ya laminesheni ni moto mtupu. Selotepu nayo usiibandike juu ya maandishi, maana gundi inaweza kuyafuta.

Itie kwenye bahasha ya karatasi, ndani ya droo, mbali na jiko. Usiiache kwenye dashibodi ya gari. Ile mifuko laini ya plastiki ya kwenye faili pia iepuke: baadhi yake ina vilainishi vinavyohamia kwenye karatasi na kupausha maandishi.

Umepaka losheni au kitakasa mikono? Subiri mikono ikauke kabisa ndipo uishike. Hapa naomba unisikilize vizuri, hasa wewe unayekaa kaunta kutwa. Ile asidi mara nyingi ni bisfenoli, na vitu hivyo huisaidia kupenya ngozi. Umoja wa Ulaya uliidhibiti bisfenoli A kwenye karatasi hizi mwaka 2020. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, na usimfungie mtoto karanga kwenye risiti.

Imeshapauka? Ipige picha, kisha ongeza kontrasti kwenye simu. Bado haisomeki? Pitisha kikausha nywele upande wa nyuma, kwa moto mdogo. Si kila risiti itakubali. Ikikubali, sehemu tupu itageuka kijivu na maandishi yatabaki meupe. Hapo zima, upige picha tena papo hapo.