Barabara Bila Magari Kila Jumapili: Tujifunze kwa Bogotá

Kila Jumapili na kila sikukuu, ikigonga saa moja asubuhi, jiji la Bogotá nchini Kolombia hufunga zaidi ya kilomita 120 za barabara zake ili magari yasipite. Hadi saa nane mchana, lami hiyo ni ya waendesha baiskeli, wakimbiaji, wazazi wanaosukuma vigari vya watoto na wazee wanaonyoosha miguu. Mpango huu huitwa Ciclovía, yaani njia ya baiskeli kwa Kihispania.

Mkaazi atauliza: mgonjwa atafikaje hospitalini, na magari ya abiria yatapita wapi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha somo hili. Bogotá haifungi jiji zima. Barabara kuu nyingi zina pande mbili zilizotenganishwa. Upande mmoja huachiwa watu, na magari huendelea upande wa pili. Kwenye makutano husimama walinzi wa mpango wenye sare na vibao. Huzuia baiskeli magari yavuke, kisha huzuia magari baiskeli zipite. Pia hutoa huduma ya kwanza mtu akianguka. Kandokando, wachuuzi huuza matunda na sharubati, na mafundi huziba pancha. Katika bustani za umma kuna walimu wa mazoezi ya viungo, bila malipo.

Hakuna barabara mpya iliyojengwa kwa ajili hii. Gharama kubwa ni watu wa kuisimamia.

Safari yenyewe haikuwa laini. Ilianza Desemba 1974, wapenda baiskeli walipoandamana barabarani kudai nafasi. Baadaye jiji likaukubali mpango huo rasmi, lakini kufikia miaka ya mwanzo ya 1990 ulikuwa umedhoofika. Ulifufuka katikati ya muongo huo ulipokabidhiwa idara ya michezo na burudani ya jiji, na kilomita zikaongezeka kwa kasi.

Karibu nasi, Kigali ilianza siku yake bila magari mwaka wa 2016, mara moja kwa mwezi, kisha ikawa mara mbili. Nao huchagua Jumapili asubuhi. Nairobi ilipotangaziwa siku kama hizo mapema mwaka wa 2019, zilizochaguliwa ni Jumatano na Jumamosi, siku ambazo watu wako mbioni kazini na sokoni. Mpango huo uliahirishwa kabla ya kuanza.

Kabla ya baraza lijalo la wadi, wakaazi wajadili haya: Ni barabara gani kwetu ina njia mbadala ya magari? Jumapili, waumini wanaokwenda kanisani watapita wapi? Wahudumu wa bodaboda watasimama wapi kusubiri abiria? Na nani atasimama kwenye makutano kuanzia saa moja hadi mwisho, kila wiki, hata mvua ikinyesha?