Chini ya Mretemu

JUMANNE

Soma 1 Wafalme 18:41-46 na 19:1-8. Mwili wa Eliya ulipitia mambo gani katika siku hizo chache? Mungu alimsaidia kwa utaratibu gani?

Mara nyingi tunasoma habari hii kana kwamba imani ya Eliya iliisha ghafla. Jana ni shujaa juu ya Karmeli. Leo anakimbia kwa sababu ya ujumbe wa Yezebeli. Lakini fuatilia njia aliyopita. Alisimama mbele ya taifa kutwa nzima. Kisha akapanda mlimani kuomba mvua. Baada ya hapo akapiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, mwendo wa yapata kilomita 25. Huko akapokea tishio la kuuawa kabla ya siku moja kupita. Akakimbilia Beer-sheba, zaidi ya kilomita 150 kuelekea kusini, akamwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake. Mtu aliyeketi chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, akiomba afe, alikuwa amechoka, ana hofu, na hana mwenzake.

Leo hali kama hiyo tunaiita msongo wa mawazo. Mwaka 1936 mwanasayansi Hans Selye, aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada, alieleza hatua tatu ambazo mwili hupitia unapolemewa. Kwanza unashtuka, kisha unajikaza kustahimili, na mzigo usipotuliwa, mwishowe unaishiwa nguvu.

Hatua ya kwanza ni zawadi ya Muumba. Hatari inapotokea, homoni kama adrenalini na kotisoli huongezeka katika damu, moyo hupiga haraka na misuli hukaza. Ndivyo mama anavyopata nguvu ya kumnyakua mtoto barabarani. Gari likishapita, mwili hurudi katika utulivu. Lakini ada ya shule, kodi ya nyumba, marejesho ya mkopo na mgonjwa wa muda mrefu havipiti kama gari. Vinalala nasi na kuamka nasi. Mwili ukikaa katika tahadhari wiki baada ya wiki, usingizi hukatika, kichwa huuma, presha yaweza kupanda, na mtu husahau hata alichotumwa dukani. Kisha nyumba nzima huonja. Baba anafoka kwa jambo dogo, mama hana hamu ya mazungumzo, watoto wanajifunza kunyamaza.

Sasa angalia alivyofanya Mungu. Malaika hakuja na karipio. Alimgusa Eliya, akamwambia ainuke ale. Palikuwa na mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Mara ya pili malaika akamlisha, akikiri kwamba safari ilimzidi nguvu. Swali la Mungu lilikuja baadaye, huko Horebu (1 Wafalme 19:9). Maneno mazito yalisemwa, lakini hayakutangulia mkate. Tena Eliya, aliyedhani amebaki peke yake, aliambiwa kuwa wako waaminifu 7,000, akapewa na Elisha. Mzigo wa mtu mmoja ukapata bega la pili.

Hapa hatuna budi kujichunguza kama kanisa. Mshiriki anaposema amechoka, ni rahisi kumwambia aongeze maombi, kisha tukamwongezea na kazi ya kamati. Ni kweli, maombi ni ya lazima. Eliya aliomba, na Mungu alimsikia. Lakini aliomba kifo, akapewa chakula na usingizi. Huenda na jibu la maombi yetu likawa kulala mapema, sahani ya chakula kutoka kwa jirani, au Sabato isiyojazwa vikao tangu asubuhi hadi jua kuzama. Yesu mwenyewe aliwaita wanafunzi wake kando wapumzike, walipokuwa hawana hata nafasi ya kula (Marko 6:31).

Na mtu akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, akashindwa kufanya kazi zake, au akatamani kufa kama Eliya, usimwache peke yake. Kaa naye, umsindikize kwa daktari au mshauri. Kutafuta matibabu si kukosa imani. Mungu aliyeweza kumtia Eliya nguvu kwa neno tu alichagua kumtia nguvu kwa mkate.

Ni mzigo gani unaolala na kuamka nao juma hili? Ni sehemu gani ya mzigo huo unaweza kumshirikisha mtu mwingine kabla ya Sabato?

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini Mungu alimlisha Eliya kabla ya kumwuliza swali? Hilo linatufundisha nini kuhusu namna ya kumtembelea mtu aliyelemewa?

2. Hesabuni kazi ambazo kanisa lenu limempa mtu mmoja. Ni nani anayebeba nyingi kupita kiasi, na ni nani anayeweza kuwa Elisha wake?

3. Sabato katika kikundi chenu huwaacha watu wakiwa wamepumzika au wamechoka zaidi? Mnaweza kubadilisha nini?