Asali Badala ya Fomalini: Kuhifadhi au Kukaza?

Kipande cha nyama kikishatolewa katika mwili wa mgonjwa, seli zake huanza kujimeng'enya zenyewe. Kwa hivyo, katika maabara za hospitali, ziwe za Eldoret au za kwingineko, kipande hicho hutumbukizwa katika fomalini ya asilimia 10, kemikali ambayo uwezo wake ulitambuliwa na tabibu Mjerumani Ferdinand Blum mwaka 1893. Hata hivyo, fomalini huwasha macho na koo. Isitoshe, mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitangaza fomaldehidi, ambayo ndiyo kiini chake, kuwa kisababishi cha saratani. Ni kinaya kwamba saratani husakwa kwa dawa ya namna hiyo.

Watafiti, hasa wa India, wamejaribu mbadala: asali ya takriban asilimia 20 na sukari guru ya asilimia 30, zikiyeyushwa katika maji. Chini ya hadubini, matokeo yamekaribiana na ya fomalini. Inaaminika kuwa sukari zilizomo hugeuka kuwa aldehidi katika hali ya asidi, nazo aldehidi hufunganisha protini za seli. Mkazi wa Eldoret hana haja ya kuagiza vitu hivi ng'ambo. Asali hutoka Bonde la Kerio na Baringo, sukari guru Kakamega. Kasoro zipo: miyeyusho hii huota ukungu, na asali hutofautiana kulingana na maua.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotatizika. Mfasiri aghalabu huandika kuwa asali 'huhifadhi' seli. Waogiek wa misitu ya Mau walihifadhi nyama kwa asali tangu jadi, nayo haikuoza. Lakini asali isiyochanganywa na maji hufyonza maji ya seli, zikasinyaa na kupoteza umbo ambalo daktari analitafuta. Nyama imehifadhika, sampuli imeharibika! Mwanafunzi wa maabara anayesoma 'kihifadhi' pekee anaweza kumimina asali tupu, na mgonjwa akapewa jibu lisilo sahihi.

Makala haya yanapendekeza kitenzi 'kukaza', kwani kinachotendeka ni protini kufungwa zisiachane. Kutokana nacho hupatikana 'ukazaji' na 'kikazo'. Huenda wapo watakaodai kuwa 'kikazo' kinakaribiana mno na 'mkazo' wa fonolojia. Pingamizi hilo si zito: ngeli ni tofauti, na mwanaisimu hakutani na sampuli za nyama kazini mwake.