Sayansi ya Siasa au Uhusiano wa Kimataifa? Uteuzi wa Fani kwa Mfano wa Masalani

Utangulizi

Mwanafunzi anayehitimu shule ya upili Masalani, eneo la Ijara katika Kaunti ya Garissa, hahitaji kufafanuliwa maana ya mpaka. Kusini mwake pana msitu wa Boni na Lamu. Mashariki pana Somalia. Anapotakiwa kuteua fani ya chuo kikuu, uteuzi huo si jambo jepesi, kwani ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya karo harudi zizini. Makala haya yanadhihirisha kuwa sayansi ya siasa na uhusiano wa kimataifa hutofautiana zaidi katika maswali kuliko katika mada.

Maana ya Istilahi

Neno siasa lina asili ya Kiarabu. Katika Kiswahili lina maana mbili: mambo ya utawala, na upole au uangalifu katika kutenda. Anenaye kwa siasa hunena kwa taratibu. Uhusiano, kwa upande mwingine, ni nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi husu, kupitia husiana. Kiambishi -an- cha utendano hudai pande mbili. Tofauti ya fani imo humo: ya kwanza huchunguza hasa mamlaka ndani ya dola, ya pili huchunguza yanayopita baina ya dola.

Mfano wa Kihistoria

Mwaka 1962, tume iliyoundwa na Waingereza ilibaini kuwa wengi wa wakazi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walitaka kujiunga na Somalia. Matakwa hayo hayakutimizwa, vikazuka vita vya Shifta, 1963-1967. Mwanasayansi wa siasa atauliza: kwa nini sheria za hali ya hatari zilidumu katika eneo hilo hadi 1991, na ugatuzi wa Katiba ya 2010 umebadilisha nini? Mtaalamu wa uhusiano wa kimataifa atauliza: kwa nini Mogadishu iliwaunga mkono wapiganaji, na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia aliwapatanisha vipi wahasimu mjini Arusha mnamo Oktoba 1967? Tukio ni moja, maswali ni mawili.

Mwongozo wa Uteuzi

Anayekerwa na kisima kisichochimbwa, kura na bajeti ya kaunti, na aelekee sayansi ya siasa. Anayevutiwa na mikataba, wakimbizi wa Dadaab au kujiunga kwa Somalia na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024, na aelekee uhusiano wa kimataifa. Aidha, asome orodha ya kozi kabla ya jina la shahada, maana majina hufanana ilhali yaliyomo hutofautiana.

Hitimisho

Kwa mwana wa Masalani, mpaka hauruhusu fani moja kuipuuza nyingine. Ateuaye moja hana budi kusoma kozi kadhaa za pili, na kuzieleza zote kwa Kiswahili kinachoeleweka nyumbani. Hiyo nayo ni siasa, kwa maana yake ya pili.